Kiti Kando ya Rubani

Fahmi Mmanga hakuwa na kazi. Hakuwa na mke, kwa kuwa mchumba wake wa Chake alichoka kungoja akaolewa na mwenye duka la vipuri. Hakuwa na baba. Hakuwa na baiskeli, wala viatu vya shamba, wala jibu la kumpa mtu anayeuliza "Lini?" Na zaidi ya yote hakuwa na saa, yaani saa za kuruka, ambazo rubani huandikiwa kitabuni kila anaposhuka angani. Bila ya saa hizo za kutosha, leseni ya urubani ni karatasi nzuri ya kufungia bizari.

Leseni alikuwa nayo. Aliipata ng'ambo, katika chuo kilichokula mikarafuu ya baba yake mmoja baada ya mwingine, na asubuhi hiyo alikuwa juu ya mmoja wa mikarafuu hiyohiyo, pale Ole, miguu mitupu, pakacha limefungwa kiunoni, akichuma kwa pishi, kipimo wanacholipiwa wachumaji. Miti ilikuwa na mwenyewe mpya, na mwenyewe mpya alikuwa chini, amekalia kigoda.

"Kapteni!" aliita Talib. "Hapo upande wa kibla umeacha tawi zima. Au huko hakuna ruhusa ya kutua?"

Wachumaji wakacheka. Talib aliwalipa, kwa hiyo walimcheka yeyote aliyetaka achekwe.

Huyu Talib alikuwa na duka la jumla Wete. Maisha yake yote hakuwahi kuchimba shimo la mche. Miti aliyokuwa nayo aliipata kwa watu wenye shida, na shida zao alizijua kabla yao, maana aliwakopesha mchele. Akimwona mtu ana maiti ndani au mtoto anakwenda chuo, humtembelea na kilo mbili za sukari, akakaa, akauliza habari za miti. Ndivyo alivyomtembelea mzee Mmanga Jecha.

Mzee Mmanga aliuza kwa furaha. Yeye, na ukoo mzima, waliamini kuwa leseni ya ndege ni kama leseni ya gari: ukishaipata unakaa mbele na kuendesha. Siku Fahmi aliporudi walikwenda uwanja wa ndege wa Chake wamevaa za Iddi, mama yake, Bi Kazija, ameshika kikuba cha asumini, wakasimama mkabala na pua ya ndege wakingoja mlango wa rubani ufunguliwe. Ukafunguliwa, akashuka mtu mwingine. Fahmi alitokea nyuma, kati ya bibi mwenye ndoo ya halua na mtoto aliyekuwa analia. Ami yake, Bakar, akauliza kwa sauti ambayo uwanja mzima ulisikia: "Mbona umekaa na abiria?"

Hiyo ni miaka minne sasa. Mzee Mmanga alikufa mwaka uliofuata, akiwa bado anaamini kuwa mwanawe yuko likizo.

Zamani kampuni ya ndege ilikuwa ikimchukua kijana, ikimfundisha kwa gharama zake, ikimfunga kwa mkataba wa miaka kadhaa na kumlipa kama inavyolipwa kazi nyingine yoyote. Siku hizi wenye kampuni wamepata akili mpya. Kijana hulipia chuo, hulipia kuzoezwa aina ya ndege, hulipia sare, na sasa hulipia hata saa za kazi yenyewe. Kampuni haina inachotoa ila ruhusa. Na barua zote alizoandika Fahmi zilirudi na jibu la aina moja: tunataka mwenye saa nyingi zaidi. Saa zenyewe hazipatikani kokote ila kwa hao hao wanaozitaka.

Mwezi huo mambo yalikuwa yamembana. Cheti cha daktari wa anga, ambacho rubani hawezi kuruka bila ya hicho, kilikuwa kinakwisha mwisho wa mwezi, na kukifanya upya ni safari na ada. Cheti kikifa, leseni nayo inalala. Hapo ndipo simu ilipokuja kutoka Kipungu Air, wenye vindege vidogo vinavyokuja Pemba kila siku. Walikuwa na nafasi ya rubani msaidizi. Bei yake ilikuwa dola elfu kumi na nane.

Fedha hizo zilikuwa mahali pamoja tu duniani: katika mikarafuu ya dada yake.

Ruweida alikuwa shamba hilohilo, ng'ambo ya kijia, chini ya miti yake. Aliachwa na mume na watoto watatu, na miti hiyo ilikuwa fungu lake la mirathi, lililosalia baada ya la Fahmi kuliwa na chuo. Kwa desturi ya huku, mwanamke akirithi mikarafuu huiacha mikononi mwa kaka au ami, naye huletewa chochote msimu ukiisha, na haulizi. Ruweida aliuliza. Mwaka wa kwanza tu Ami Bakar alipomletea mfuko wa nailoni wenye noti za kuhesabika, alimrudishia mfuko akamwambia atasimamia mwenyewe. Tangu hapo alikuwa akifika shambani kabla ya wachumaji, akibaki mpaka karafuu ya mwisho ichambuliwe kutoka kwenye makonyo yake, na watoto wake walikwenda skuli na viatu.

Miti hiyo ndiyo aliyokubali kuiuza. Mama yao alimlilia wiki nzima amsaidie kaka yake.

Fahmi alishuka mtini, akamwaga pakacha lake, akaoga kwenye ndoo nyuma ya kibanda na kuvaa suruali nyeusi na shati jeupe lenye mistari mitatu ya dhahabu mabegani. Kisha akavuka kijia.

"Nakwenda Chake," alisema. "Yule bwana wa mafunzo wa Kipungu kesha fika."

"Umekula?"

"Ntakula nikirudi."

"Rubani gani huyo wa kuruka na njaa? Kaa." Alimpa kipande cha muhogo wa kuchemsha na chai kwenye kifuniko cha chupa. Alimwacha atafune. "Fahmi, mie nitatia saini. Nishamwambia ami, wanakuja nyumbani baada ya adhuhuri, na sheha na Talib. Sirudi nyuma. Lakini nna suali, ukamuulize huyo bwana wako, uniletee jibu kabla sijashika kalamu."

"Suali gani?"

"Mtu akija kwangu kununua, mie humuuliza jambo moja: wanunua mti, au wakodi msimu? Kwani bei zake si moja. Mwenye mti ana mti. Mwenye kukodi msimu, mvua ikimharibia, karudi mikono mitupu na mti umebaki kwa mwenyewe. Sasa sie hapa twanunua nini? Tukishawapa hizo fedha, kile kiti ni chako, au umekodi?"

Fahmi akamrudishia kifuniko cha chupa.

"Na mshahara waanza lini," aliongeza Ruweida. "Usinijie na inshaallah. Inshaallah ninayo nyumbani."

Bwana Abdulnasir, meneja wa mafunzo wa Kipungu Air, alikuwa amekodi ukumbi mdogo wa hoteli pale Chake, wenye kiyoyozi na maua ya plastiki. Nje ya mlango, kwenye kiti cha korido, alikaa kijana mwembamba aliyevaa shati jeupe kama la Fahmi, lililofifia kwapani. Fahmi alimtambua: ni Nyange, mwenzake wa chuo, aliyemtangulia darasa moja.

"Yakhe, Nyange! Nasikia uko kazini hapa."

"Nilikuwa," alisema Nyange. Alitaka kuongeza neno, lakini mlango ukafunguliwa na Fahmi akaitwa.

Abdulnasir alikuwa mtu wa makamo, mwenye suti ya kijivu na simu mbili mezani. Alikuwa na tabia ya kutabasamu kabla ya kusema, kama mtu anayeonesha bidhaa.

"Karibu, Kapteni Fahmi."

Huyu alikuwa wa pili kumwita Kapteni siku hiyo, na wa kwanza angalau alikuwa akitania.

"Nimesoma faili lako. Safi sana. Unakosa kitu kimoja tu, saa. Na sisi tunazo. Kwa hiyo unaona, tumekutana." Alisukuma karatasi za mkataba. "Saa mia tano, kiti cha mbele, kando ya rubani wetu. Malipo kwa mkupuo, kabla ya kuanza. Uthibitisho wa fedha umekuja nao?"

"Dada yangu anauza miti leo."

"Maashaallah. Familia zenye moyo kama huo zimebaki Pemba tu." Alisema hivyo kwa heshima kamili, na macho yake yakaenda kwenye simu.

"Dada yangu ana suali," alisema Fahmi. "Mshahara unaanza lini?"

Abdulnasir alicheka kwa upole, kama daktari aliyeulizwa na mgonjwa kama sindano inauma.

"Mshahara. Unajua, hiyo ni lugha ya zamani kidogo. Wewe hapa si mwajiriwa, ni mshirika wa mafunzo. Unawekeza."

"Na saa mia tano zikitimia?"

"Mkataba unaisha wenyewe. Hakuna usumbufu."

"Kisha?"

"Kisha una saa mia tano!"

"Na kiti?"

"Kiti kinaendelea na mwenzako mwingine. Hatuwezi kumnyima kijana mwingine fursa, sivyo?"

Fahmi aliutazama mkataba. Ulikuwa na nembo ya ndege mwenye kucha ndefu.

"Bwana Abdulnasir, ndege zenu hizi ni za injini moja. Kisheria rubani mmoja anatosha. Kiti hicho alikuwa akikaa nani kabla ya sisi?"

Mtu mwenye haya kidogo angekohoa hapo. Abdulnasir hakukohoa.

"Abiria," alisema. "Watalii walikuwa wakikigombania, wapige picha. Lakini mtalii hulipa tiketi ya safari moja, akashuka. Haipatani na hesabu." Aliinama mbele, sauti ikawa ya kirafiki. "Nikwambie kitu, mdogo wangu. Wewe unafikiri una muda. Huna. Huko duniani wenye viwanda vya ndege wanafikiria kuondoa rubani wa pili hata kwenye ndege kubwa. Mtu mmoja na kompyuta. Kiti cha pili kinakufa. Ndiyo maana nawaambia vijana, wahini sasa, mkiwa bado mnaweza kukinunua."

Huo ulikuwa ustadi wa aina yake: kumuuzia mtu chumba kwa kumwambia kuwa nyumba inabomolewa. Na jambo la kusikitisha ni kwamba wengi walinunua.

"Nakurudishia jibu leo," alisema Fahmi.

"Leo hii. Jioni naondoka, na nina majina mengine mawili."

Nyange alikuwa bado koridoni. Aliposikia mlango alisimama, lakini Abdulnasir alitoa kichwa tu akamwambia, "Wewe subiri," kisha akafunga.

"Twende tukanywe chai," alisema Nyange. "Huyu atanisubirisha mpaka alasiri. Kanizoea."

Walikaa kwenye kibanda cha chai nyuma ya hoteli. Nyange alitia sukari vijiko vinne, akakoroga kwa muda mrefu.

"Unangoja nini kwake?" aliuliza Fahmi.

"Barua ya uzoefu. Nimemaliza saa zangu tangu mwezi wa tatu. Nikazipeleka mamlaka ya anga zihesabiwe. Unajua wameniambiaje? Wameniambia ndege hiyo ni ya rubani mmoja, na kampuni haina kibali cha kuruka na wawili, kwa hiyo yule wa pili hatambuliki. Saa zangu zote mia tano, wamenihesabia sifuri." Alicheka peke yake. "Abiria, yakhe! Mie nilikuwa abiria. Niliyekuwa nafunga milango, nabeba mabegi, nafuta matapishi ya watu. Abiria gani huyo anafuta matapishi ya abiria wenziwe?"

"Uligusa usukani?"

"Hali ya hewa ikiwa nzuri na rubani akiwa na njaa. Alikuwa akinipa nishike apate kula sambusa."

Fahmi hakucheka. "Na barua itasaidia nini?"

"Haisaidii kitu. Lakini nitakuwa na kitu mkononi. Na yeye ataka nilipie hata hiyo." Alikunywa. "Mama yangu yuko Fundo, hajui. Ndege yoyote ikipita hutoka uani akapunga kanga. Mie ndege hiyo ikipita niko Wawi, kibandani, natengeneza simu za watu."

Kulikuwa na jambo lililokuwa likimsumbua tangu alipopigiwa simu ile. Hakuwa ameandika barua yoyote Kipungu Air. Barua zake zote zilikwenda kwenye kampuni kubwa.

"Nyange. Hawa jina langu walilipata wapi?"

Nyange aliendelea kukoroga chai iliyokwisha korogeka.

"Nyange."

"Alinambia nikimletea watu wawili atanirudishia kidogo katika zangu." Hakuinua uso. "Njaa, Fahmi. Nilisema wewe una akili, utauliza, utakataa mwenyewe. Wallahi nilisema hivyo moyoni."

"Ungenipigia simu ukaniambia."

"Ungeniamini? Ungesema Nyange ana wivu, kapata yeye hataki mwenziwe apate. Si ndivyo tulivyowaambia wote waliotukataza chuo?"

Hapo alisema kweli, na ukweli wake haukumwosha. Fahmi hakumtukana. Alisimama, akalipa chai zote mbili, na Nyange, ambaye pengine angestahimili kofi, hakustahimili hilo. Alifunika uso kwa mkono.

Baraza ya nyumba yao, Jadida, ilikuwa imejaa heshima. Ami Bakar alikuwa amevaa kanzu iliyonyooka na kofia ya viua. Talib alikuwa kando yake, na mfuko mweusi mapajani. Mbele yao, kwenye meza ya kuazima, sheha Bwana Mgeni alikuwa amekwisha andika hati ya mauzo kwa mwandiko wa mikia mirefu. Muhuri wa shehia huubeba ndani ya soksi ya mtoto, asije akaibiwa, na alikuwa amekwisha uvua soksi na kuutia wino.

Sheha huyu hakuwa mwizi. Kwa wizi panahitajika ujasiri. Yeye alikuwa mtu wa kuashiria tu: akisema koo limekauka, hupewa soda, akisema wino umepanda bei, hupewa bei ya wino. Siku hiyo wino ulikuwa umepanda mara mbili. Mara moja alilipa Talib, na mara ya pili alilipa Ami Bakar, ambaye naye alikuwa ameahidiwa udalali na Talib. Kwa hiyo fedha zilikuwa zikizunguka barazani vizuri, na mwenye miti alikuwa bado hajapata hata senti.

"Kapteni wetu huyo!" alisema Ami Bakar. "Shekhe wa msikiti kesha ahidi dua Ijumaa. Kaa, kaa. Ruweida! Njoo mwanangu, kaka yako kaja, tumalize."

Ruweida alitoka, ameoga, buibui jeusi, kalamu mkononi. Nyuma yake, kwenye mlango, alisimama Bi Kazija. Ruweida hakukaa. Alimtazama Fahmi tu.

"Umeuliza?"

"Nimeuliza."

"Ee?"

"Tunakodi," alisema Fahmi. "Tunakodi msimu mmoja. Na mavuno ni yao, mshahara haupo. Tukimaliza wanamkodisha mwingine. Na hizo saa hazihesabiwi. Nyange amepeleka zake, zimekataliwa."

Ruweida alichomoa kifuniko kilichokuwa nyuma ya kalamu, akakirudisha kwenye ncha, kikalia.

"Basi," alisema.

"Basi nini?" Ami Bakar alisimama. "Basi nini? Mwanamke, hati imeandikwa! Watu wamekuja!"

"Wamekuja, wakaribie chai. Ipo jikoni."

"Nitaongeza kidogo," alisema Talib, mkono tayari ndani ya mfuko. Alikuwa amezoea kuwa watu wakisita wanasitia bei.

"Talib, mie sijakwambia bei."

"Ruweida, mti wa nini kwako? Wewe unaweza kupanda juu kule?"

"Siwezi. Weye je?"

Mtu mmoja aliyekuwa akipita njiani alicheka, akaongeza mwendo. Talib akafunga mfuko.

Ami Bakar alimgeukia Fahmi. Mishipa ilimtoka shingoni, na sehemu ya hasira yake ilikuwa ya haki, maana hata yeye aliuza miti yake miwili kwa chuo kile. Sehemu nyingine ilikuwa ya udalali.

"Ukoo mzima umekusomesha! Baba yako kaenda kaburini kabakiwa na miti ya dada yako tu, kwa ajili yako! Leo mlango umefunguka, weye waufunga!"

"Mmenisomesha, ami, sikatai. Nimesoma. Ndiyo maana nimeweza kuusoma mkataba."

"Jeuri!"

"Na muhuri wangu?" aliuliza sheha Mgeni kwa huzuni. "Nimeshautia wino."

Aliugonga muhuri pembeni mwa gazeti ili wino usipotee bure, akaurudisha ndani ya soksi. Wakaondoka mmoja mmoja. Ami Bakar alikuwa wa mwisho, na kwa mara ya kwanza tangu Fahmi azaliwe hakungoja kupewa mkono.

Bi Kazija alikuwa bado mlangoni.

"Kwa hivyo huruki," alisema.

"Siruki, mama. Cheti kinakwisha mwezi huu. Sina cha kukifanyia upya."

"Kabisa?"

"Sijui kama kabisa. Kwa hawa, siruki."

Mama alikuwa amewaambia majirani, na wengine walikuwa wamekwisha mletea maombi ya tiketi za bei nafuu kwenda kwa madaktari wa Unguja, naye alikuwa ameahidi.

"Nivulie basi hilo shati," alisema. "Miaka minne nalipiga pasi kila Alhamisi. Nimechoka, mwanangu."

Alilivua palepale. Mama akalichukua, akalikunja mara nne, mistari ikaingia ndani, akaenda nalo chumbani. Alikaa huko muda mrefu kuliko inavyohitajika kuweka shati.

Fahmi alikaa na fulana kwenye meza ile ya kuazima. Aliomba karatasi kwenye daftari la mtoto wa Ruweida, akaichana kwa rula ili iwe na ukingo ulionyooka, na akaandika. Aliandika taratibu, bila ya kufuta. Ruweida aliegemea ukuta akisoma begani mwake.

*Kwa Meneja wa Mafunzo, Kipungu Air.*

*Yahusu: Ombi lenu la dola elfu kumi na nane.*

*Ombi lenu limepokelewa na kufikiriwa kwa makini na familia yangu, pamoja na wenye miti. Nasikitika kuwaarifu kwamba safari hii hamkufanikiwa. Tulipata maombi mengi ya fedha zetu, yakiwemo ya skuli, ya mchele na ya bati za paa, na ilibidi tuwachague wenye sifa zaidi yenu.*

*Tumegundua kuwa hamna uzoefu wa kutosha wa kulipa watu mishahara. Tunawashauri mtafute uzoefu huo kwanza, kwa gharama zenu wenyewe, kisha mtuandikie tena.*

*Aidha, kiti mnachokiuza kama mafunzo ni kiti cha abiria, na saa zake hazitambuliwi. Mnalijua hilo na mnaendelea kuchukua fedha za watoto wa watu. Nakala ya barua hii inakwenda mamlaka ya anga, na nitakuwa tayari kusema haya mbele ya yeyote atakayeniita.*

*Nawatakia kila la heri.*

*Fahmi Mmanga Jecha, mwenye leseni ya rubani wa biashara. Jadida, Wete.*

Jina la Nyange hakuliandika. Nyange hakustahili hisani hiyo, lakini mama yake wa Fundo alistahili.

Ruweida alicheka mpaka kwenye mchele, kisha akasita.

"Hawa wote si wanajuana? Hizi kampuni za ndege?"

"Wanajuana. Wananunuliana hata mafuta."

"Kwa hivyo ukipeleka hii, hapa visiwani..."

"Hapa visiwani hakuna atakayenichukua. Hata nikipata cheti."

"Unaweza kunyamaza tu. Usiwajibu. Mwakani Mungu akitujaalia karafuu..."

"Naweza," alisema Fahmi. Aliinakili barua yote mara ya pili kwa ajili ya mamlaka, neno kwa neno, akatia saini zote mbili.

Posta ya Wete ilikuwa inakaribia kufungwa. Karani, Bi Moza, alikuwa amekwisha vaa miwani ya jua juu ya mtandio, tayari kwa safari ya nyumbani. Alizitazama bahasha mbili kama mtu aliyeletewa punda.

"Barua? Mwanangu, hawa si wana simu? Watumie wasapu, wanapata sasa hivi."

"Shikamoo, Bi Moza. Ya wasapu wataifuta. Nataka ya rejesta, wapokee kwa saini."

"Marahaba. Rejesta bei yake si ya stempu za kawaida, lakini."

"Najua."

Alimlipa kwa fedha za pishi za jana. Bi Moza akavua miwani, akaandika namba, akabandika vibandiko. Gundi ya bahasha ilikuwa imekauka kwa joto la duka ilikonunuliwa na mdomo wa bahasha ulikataa kushika. Fahmi aliulamba mara ya pili, haukushika. Bi Moza alimsukumia kichupa cha gundi ya serikali chenye brashi iliyokakamaa, na Fahmi akapaka ukingo mzima, pole pole, bahasha ya kwanza na ya pili, akazilaza juu ya kaunta na kuzikandamiza kwa viganja vyote viwili, vyeusi kwa utomvu wa karafuu.

"Za kazi hizo?" aliuliza Bi Moza. "Umepata?"

"Nimewakatalia."

Bi Moza alimtazama kwa mara ya kwanza sawasawa. Kisha akachukua muhuri wa tarehe, akagonga bahasha ya kwanza, akagonga ya pili kwa nguvu zaidi kuliko kazi ilivyohitaji, akazitupa ndani ya gunia la barua na kulikaza mdomo kwa kamba, maana gari la posta lilikuwa limekwisha washwa nje.